Karatasi Huhesabiwa, Hazisomwi

Leo ni Alhamisi, tarehe tisa Oktoba, mwaka wa elfu mbili na ishirini na tano. Kesho Daktari Njau atasimama katika ukumbi mmoja hapa Thika, tai imemkaza shingo, awaeleze watu jinsi alivyoyatoa maisha yake, miaka ishirini mizima, kwa ajili ya akili za vijana wetu. Watu watampigia makofi. Mimi naomba tu wayasome haya kabla mikono yao haijapashana moto.

Kwa msomaji aliyechelewa kuingia katika kisa changu: jina langu ni Magdalene, mjane wa Kiandutu, mtaa wa mabanda hapa Thika, na kwa miaka mitano nimefagia kliniki ya daktari huyo kule Ruiru. Hakuniajiri kwa ajili ya ufagio wangu. Siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu. "Unajua kusoma?" Nikasema sijui. Akatabasamu kama mtu aliyeokota simu barabarani.

"Vizuri sana," akasema. "Mtu asiyejua kusoma ni kabati lisilohitaji kufuli."

Basi nikawa kabati. Kila kijana alijaza karatasi ya maswali kabla ya kuingia kwa daktari. Mimi nilizikusanya, nikazipanga kwa miezi, nikazifunga ndani ya maboksi. Wageni wakiuliza siri za vijana zinalindwa vipi, daktari alininyooshea kidole nikiwa pale pale na deki mkononi. "Huyu hapa. Ukimpa gazeti atafungia mboga." Nao wakacheka, watu wenye digrii.

Kabati hilo likaingia darasa la ngumbaru. Kila Jumanne na Alhamisi jioni, mwaka mzima, nilikaa kwenye viti vya watoto wa Sunday School nikifundishwa na Mwalimu Nakhumicha. Sikumwambia mtu. Daktari sikumwambia kwa kuogopa kufukuzwa. Binti yangu Tabby, aliye kidato cha tatu, nilimdanganya kwamba nakwenda maombi. Kwake sababu ilikuwa kiburi changu. Nilitaka siku atakapomaliza shule nikisome cheti chake kwa sauti, mbele ya shangazi zake walioniita mjinga tangu nilipoolewa.

Tabby naye alikuwa amenyamaza tangu mwezi wa Mei. Alikula kama mtu anayetumikia adhabu. Daktari akanifadhili: akawa anamwona Jumatano ya tatu ya kila mwezi. Kila mara alipotoka ofisini, daktari alinitamkia maneno yale yale: "Anaendelea vizuri kabisa, Mama Tabby." Nami nikarudi kupiga deki nikimshukuru Mungu.

Wiki iliyopita, katika gazeti hili hili, niliwaacha nikiwa nimepiga magoti mbele ya boksi la Septemba, karatasi ya mwanangu mkononi. Swali la tisa liliuliza: Je, umewahi kuwaza kwamba ni heri usiwepo duniani? Kulikuwa na visanduku vinne vya kujibia. Hata siku moja. Siku chache. Siku nyingi. Karibu kila siku.

Tabby alikuwa ametia alama katika kile cha mwisho.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na tisa Septemba.

Mnadhani nilitoka mbio? Mnadhani nilipiga kelele? Niliikunja karatasi ile mara nne, nikaitia kifuani, nikamalizia kupiga deki. Nilijiambia kwamba msomaji mchanga husoma vibaya. Huenda "kila" haikuwa "kila". Huenda kisanduku kilikuwa cha swali jingine. Nilikuwa na mwalimu umbali wa dakika kumi kwa miguu, na darasa lilipofika sikwenda. Likafika jingine, nikasema nina mafua. Nilimkwepa mwalimu kama mtu anavyokwepa majibu ya hospitali.

Ninawadharau wazazi wa namna hiyo. Nimewadharau tangu zamani, wale wanaoona moshi wakafunga dirisha.

Kilichonifukuza nyumbani ni sweta.

"Sweta yako ya shule iko wapi?" nilimuuliza Tabby Jumatatu, tarehe ishirini na tisa.

"Nimempea Beth." Beth ni binti wa shangazi yake.

"Umempa? Na baridi hii utavaa nini?"

"Zii, Mum. Sisikiangi baridi siku hizi."

"Na kale karedio kako?"

"Nako pia nimempea. Si atakatumia." Akanitazama kwa upole ambao sikuwa nimeuona kwa miezi. "Usijali, Mum. Niko tu sawa."

Upole ule ndio ulionitisha. Kesho yake jioni nilikuwa darasani kabla ya mwalimu.

Mwalimu Nakhumicha ni Mluhya wa sauti ya kengele. Ukikosea herufi hugonga meza kwa chaki mpaka vumbi linaruka. Nikaikunjua karatasi mbele yake, nikaweka kidole chini ya maneno.

"Mwalimu, nisikilize kama nasoma sawa."

Nikasoma swali. Nikasoma kisanduku. Chaki haikugonga meza.

"Umesoma sawa, Mama Tabby," akasema kwa sauti ndogo. "Siku zote nakuombea usome sawa. Leo ningefurahi ukikosea."

"Labda mtoto alikosea kisanduku."

"Alikosea? Hebu angalia hii alama. Amepitisha kalamu mara tatu. Karatasi karibu itoboke. Wewe uliiona lini hii?"

"Jana," nikasema.

Nilidanganya. Katika chumba cha kanisa, chini ya picha ya Mchungaji Mwema, nilimdanganya mtu pekee aliyewahi kuniita msomi.

"Basi kesho asubuhi uwe mbele ya daktari," akasema. "Na huyu mtoto usimwache peke yake. Hata akienda choo, we mfuate. Umeskia?"

Nilisikia.

Jumatano, tarehe mosi Oktoba, nilimwambia Tabby haendi shule.

"Kwani?"

"Nina mgongo. Utanisaidia kubeba maboksi kazini."

Akacheka kidogo. "Mum, we hujui kudanganya hata."

Tukaenda Ruiru. Safaa, msichana wa mapokezi, alipomwona Tabby alimvuta karibu na hita na kumpa mandazi. "Kaa hapa na mimi, rafiki yangu. Mamako ana uso wa kutaka vita leo. Wacha aende kivyake."

Daktari alikuwa ofisini, amesimama, akijirekodi kwa simu. Alikuwa akiifanyia mazoezi hotuba yake.

"Kijana ni kitabu," alikuwa akiiambia simu, "na mimi kwa miaka ishirini nimekuwa msomaji wake."

Ukuta wa nyuma yake umejaa picha. Daktari na waziri fulani. Daktari Kigali. Daktari Dubai, amekabidhiwa tuzo ya kioo yenye umbo la ubongo. Hakuna picha hata moja yenye kijana.

Lakini mimi namjua tangu hajawa picha. Miaka kumi na tano iliyopita alikuwa akija Kiandutu kwa miguu, viatu vimejaa tope. Alikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, katikati ya vijana wenye chupa za gundi ya kunusa, na kuwauliza wameota nini. Hakuwa na karatasi, alikuwa na masikio. Kuna wawili kati yao walio hai leo kwa sababu yake, mmoja anauza viatu sokoni. Mtu yule sijui alikwenda wapi. Nadhani alisafiri akapotelea njiani, ikarudi suti.

"Daktari, samahani," nikasema. "Uliisoma karatasi ya Tabby?"

"Karatasi gani?"

"Ya maswali. Ya mwezi uliopita."

Akaizima simu, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini mwezi hauanguki.

"Mama Tabby, zile karatasi hazisomwi. Huhesabiwa. Kuna jamaa Nairobi anayeziingiza kwenye kompyuta kila baada ya miezi sita. Sasa hivi nina elfu nne na mia mbili. Hakuna mwingine katika kaunti hii aliye na karatasi kama zangu."

"Na swali la tisa?"

Macho yakamng'aa. "Ah! La tisa ndilo hunifanya niitwe huko kote. Asilimia kumi na nne ya vijana wangu! Nilipolisema hilo Kigali, ukumbi mzima ulinyamaza."

"Na hao asilimia kumi na nne ni akina nani?"

"Akina nani vipi?"

"Majina yao, daktari."

Alinitazama kana kwamba deki ndiyo iliyosema.

Nikaitoa karatasi kifuani, nikaiweka juu ya hotuba yake. Akalisoma jina. Akashuka mpaka swali la tisa. Rangi ikamtoka kidogo usoni, hilo nitalikiri. Kisha akainua kichwa.

"Nani amekusomea hii?"

Msomaji, shika swali hilo ulipime uzito. Hakuuliza mtoto yuko wapi. Hakuuliza kama bado anapumua. Miaka ishirini ya kazi, na alichotaka kujua ni nani aliyelifungua kabati.

"Safaa!" akaita.

Safaa akaingia mbio, mlango akauacha wazi.

"Umemsomea mfagizi karatasi ya mgonjwa?"

"Mimi? Wallahi, daktari, mimi hata sijui hayo maboksi yanakaa wapi!"

"Ni nani mwingine? Humu tuko watatu. Mimi, wewe, na huyu asiyejua A wala B. Chukua mkoba wako uende."

"Daktari, naomba..."

"Nimesema uende."

Safaa akanigeukia. Macho yamemjaa maji. "Mama Tabby, si useme kitu?"

Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda wa kutosha mtu kuanza sala ya Bwana na kufika kwenye mkate wetu wa kila siku. Nilikuwa nafikiria kazi yangu. Binti wa watu analia mbele yangu, binti yangu ameketi kando ya hita, na mimi nilikuwa nafikiria deki.

"Nimesoma mwenyewe," nikasema hatimaye.

Daktari alicheka. Hakikuwa kicheko cha hasira, alifurahi kwa kweli. "Wewe?"

"Mimi."

"Haya." Akanisukumia karatasi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayempa mbuzi gazeti. "Soma tukusikie, profesa."

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ningeweza kumwambia, "Daktari, mtoto yuko nje, mwite umsikilize." Ningeweza kwenda kuufunga mlango aliouacha wazi Safaa. Lakini kitu kiliniinuka kifuani, kitu cha miaka hamsini: dada za mume wangu, wageni wenye digrii, gazeti la kufungia mboga. Nikashika karatasi kwa mikono miwili. Nikasimama wima. Nikasoma.

"Jina: Tabby Nyokabi. Umri: miaka kumi na saba. Swali la tisa. Je, umewahi kuwaza kwamba ni heri usiwepo duniani?"

Sikukwama hata neno moja. Nilituma sauti yangu mpaka kwenye dari, kila silabi imeoshwa na kuanikwa, kama mtu anayetangaza ndoa kanisani.

"Jibu: Karibu kila siku!"

Nikainua macho nione uso wa daktari umeanguka. Ulikuwa umeanguka kweli. Na Mungu anisamehe, mimi nilikuwa natabasamu.

Tabasamu hilo ndilo alilolikuta Tabby. Alikuwa amesimama mlangoni, nusu ya mandazi mkononi.

"Mum," akasema. "Kumbe unajua kusoma?"

Jibu alilipata daktari haraka, kwa kuwa ni mtu wa majibu.

"Tabby, binti yangu, ingia, karibu. Mama amechanganyikiwa kidogo tu..."

Tabby hakuingia. Wala hakunitazama tena. Alimtazama yeye.

"Nimeandika hivyo mara nne," akasema. "Juni, Julai, Agosti, Septemba."

"Ndiyo, na tutaliangalia kwa..."

"Kila nikiingia unaniuliza shule iko aje. Nasema poa. Unasema poa. Halafu unaangalia saa."

"Tabby, ungeniambia kwa mdomo."

"Si nilikuwa nimeandika! Unafikiria ni rahisi kuandika? Nilikuwa najua umesoma." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nilidhani umesoma ukaona ni sawa tu."

Nimeishi Kiandutu. Nimesikia nyumba zikiungua, nimesikia mama akipokea maiti ya mtoto. Sijawahi kusikia maneno kama hayo.

Mkono wa daktari ukaenda kwenye hotuba, ukaanza kuzinyoosha kurasa, pembe kwa pembe. "Kwa kawaida," akasema, "katika hali ya namna hii, kuna hatua ambazo huwa zinachukuliwa..."

"Hatua gani, daktari?" Safaa akamkatiza. Mtu aliyefukuzwa haogopi tena. "Mtoto amesimama hapo. Hatua ni tatu tu, za kufika kwake."

Akazipiga yeye hizo hatua tatu. Akamshika Tabby mkono uliokuwa na mandazi, akatoa simu kwa mkono mwingine. Alikuwa na binamu muuguzi katika hospitali kubwa ya Thika, kwenye wodi ya vijana. Akaongea haraka haraka, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Wanasema kuna daktari huko sasa hivi, mama mmoja, anaongea na mtu kwa saa nzima kama inabidi. Atamngoja. Lakini lazima Tabby mwenyewe akubali kwenda. Hawataki mtoto wa kuburutwa." Akamgeukia kwa upole. "Utaenda, rafiki yangu? Nitaketi na wewe huko mpaka jioni. Kazi sina tena, si umeskia?"

Tabby akakaribia kucheka. Wallahi, kama anavyosema Safaa, niliuona mdomo wake ukitaka.

"Nitaenda," akasema.

Nikapiga hatua kuelekea kwake, mikono imenyooshwa.

"Ngoja," akasema. "Kwanza kuna kitu nataka kuuliza Mum."

Akanitazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu nisome. Alikuwa na macho ya marehemu baba yake aliyekuwa fundi, macho ya mtu anayekagua nati iliyolegea. Akaichukua karatasi mkononi mwangu. Akaipindua. Akapitisha kidole juu ya mikunjo yake minne, iliyochakaa ikawa laini kama kitambaa, yenye alama za jasho langu na weusi wa kukaa kifuani siku baada ya siku.

"Hii imekunjwa kitambo," akasema. "Uliisoma lini?"

Safaa akashusha simu. Hata daktari aliacha kuzinyoosha kurasa zake. Nikaona katika jicho lake kitu kibaya kuliko dharau zake zote, nacho kilikuwa matumaini. Alikuwa anatumaini kupata mwenzake.

Siku kumi na mbili. Yeye hakusoma. Mimi nilisoma, nikaelewa, nikakunja. Siku kumi na mbili mwanangu alikuwa akigawa nguo zake kwa upole, na mimi nikijiambia kwamba "kila" huenda si "kila". Nimeitukana suti ile tangu mwanzo wa sura hii, na ninaendelea kuitukana, lakini semeni nyinyi mnaonisoma: kati ya asiyesoma na aliyesoma akaficha, ni nani hasa mjinga wa kufungia mboga gazeti?

Jibu moja lilikuwa la kweli, nalo lingeweza kumgeuza atoke kwa mlango ule ule uliokuwa wazi, ateremke ngazi, awe peke yake Ruiru nzima asiwe na mtu wa kumwamini. Jibu jingine lilikuwa tayari ulimini, limekwishazoea mdomo wangu tangu jana yake. Lilikuwa neno moja dogo: jana.

"Mum," akasema Tabby. "Lini?"

Nikafungua kinywa. Kilichotoka, mtakisoma wiki ijayo.

Ewe uliyenisoma hadi hapa, gazeti hili usilitandike kabatini. Mpelekee mzazi mmoja mwenye kijana aliyenyamaza nyumbani, leo, kabla hujala. Ukimkuta hajui kusoma, kaa naye chini umsomee polepole, na ufikapo kwenye swali la tisa, msomee mara mbili.